Msiba wa Mzee Silasi wa Bugwema

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi ya Gody ilikuwa kupuliza moto wa Bibi. Mama yake, Sara, alikuwa ameshatoka kwenda ufukweni Mwigobero kusubiri wavuvi waingie na sato, kwa hiyo uji ulibaki mikononi mwa bibi na mjukuu. Bibi Gaudensia alikoroga, Gody akapuliza, na moshi ukawafuata machoni kila walikosogea.

"Puliza, mume wangu. Unapuliza kama mgonjwa."

"Bibi, si tununue gesi tu kama kwa kina Yusto?"

"Gesi ikinilipukia utanioa nikiwa majivu? Puliza huko!"

Sufuria ilikaa juu ya mafiga matatu. Mawili yalikuwa mawe ya kawaida ya Musoma, yenye makwaruzo na rangi ya kutu. La tatu lilikuwa jeusi, laini, la mviringo kama tumbo la paka aliyeshiba. Jioni, moto ukishazimika na mawe kupoa, Gody alikuwa analikalia hilo jeusi huku anakula muhogo. Hakuwahi kulifikiria hata siku moja. Nani anakaa kulifikiria jiwe?

Shuleni, Gody alikuwa darasa la sita, na jina lake lilikuwa linatangulia kufika kabla yake. Majuzi tu alitangaza kwamba kiboko ametoka ziwani na amejibanza nyuma ya vyoo vya walimu. Darasa zima lilitimua mbio, mlinzi akiwa mbele. Tangu siku hiyo, Gody akisema mvua inanyesha, watu wanatoa kwanza mkono dirishani.

Asubuhi moja mwalimu wa Historia, Madam Jenipher, aliingia darasani amekumbatia rundo la karatasi na uso unang'aa kama amepata mtoto.

"Kaeni. Ijumaa kuna mtihani, lakini si ule mliouzoea wa kukariri. Mtapewa vyanzo, halafu mtaandika insha kutokana na vyanzo hivyo."

Akabandika ubaoni vyanzo vya mazoezi. Cha kwanza kilikuwa picha ya familia imesimama kando ya lori, magodoro na kuku juu. Cha pili kilikuwa kipande cha gazeti la zamani: wananchi wamehamia vijiji vipya kwa nderemo. Cha tatu kilikuwa maneno ya mzee mmoja: "Hatukuulizwa. Tuliambiwa tu."

"Swali ni hili," Madam alisema. "Miaka ya sabini, watu wa huku kwetu walipohamia vijiji vya ujamaa, walihama kwa kupenda? Gazeti linasema hivi, mzee anasema vile. Utamwamini nani?"

"Gazeti, Madam," Yusto alijibu haraka. Yusto ndiye rafiki mkubwa wa Gody. "Limechapwa."

"Hata tangazo la dawa ya kuotesha nywele limechapwa, Yusto. Baba yako ilimsaidia?"

Darasa likaangua kicheko. Yusto akacheka pia, maana kipara cha baba yake kilikuwa kinajulikana mtaa mzima.

"Chanzo unakihoji," Madam aliendelea, sasa anatembea huku na huku. "Nani alisema? Aliona mwenyewe au alisikia? Alikuwa na sababu gani ya kusema hivyo? Halafu kila mmoja wenu ataleta chanzo kimoja chake. Nendeni nyumbani, mkamuulize mtu aliyekuwepo. Insha bora itaenda Butiama kwenye shindano. Shule za Bunda zitakuwepo, na za Butiama kwenyewe. Zawadi ni kabati zima la vitabu!"

Darasa likapiga meza. Kitabu cha Historia walikuwa wanasoma watu sita kimoja, na aliyekaa pembeni alikuwa anaona namba za kurasa tu.

Gody alijiona tayari yuko Butiama, juu ya jukwaa, kipaza sauti mkononi. Siku moja tu, watu wamsikilize bila kutoa mkono dirishani! Aliapa kumtafuta mtu wa kumuuliza jioni hiyo hiyo. Lakini jioni kulikuwa na mpira. Kesho yake kulikuwa na tiara ya Yusto, iliyonasa kwenye nyaya za umeme. Kesho kutwa yake ikawa Ijumaa.

Kwenye chumba cha mtihani, Gody aliandika vizuri sana kuhusu picha, gazeti na yule mzee. Alipofika kwenye chanzo chake, kalamu ikasimama. Akatazama dari. Akatazama nzi. Halafu kichwani akaingia mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe hadi kifuani, akajikunja akakaa.

"Mzee Silasi wa Bugwema aliniambia kwa mdomo wake," Gody aliandika, "kwamba walihama kwa mtumbwi usiku wa radi. Ng'ombe wake waliogelea nyuma wamefungwa mikia, na dume kubwa lilikuwa linalia kama binadamu. Mzee Silasi aliponisimulia alitoa machozi, yakaloanisha ndevu."

Jumatatu, Madam Jenipher alirudisha karatasi zote isipokuwa moja. Hiyo aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye dume linalolia, sauti yake ikakatika. Esta, msichana mpole wa dawati la mbele, alijifuta jicho. Esta ndiye aliyeshika nafasi ya pili; babu yake alipoulizwa alisema tu, "Tulihama. Mvua ilinyesha. Basi," naye akaandika hivyo hivyo, bila kuongeza hata tone.

"Gody," Madam alisema, "sijawahi kusoma chanzo kama hiki. Wewe ndiye utatuwakilisha Butiama."

Gody akajiona amerefuka kidogo.

"Na kwa kuwa waamuzi wanataka kusikia sauti ya shahidi, Jumatano darasa zima tunaenda Bugwema kumrekodi Mzee Silasi kwa simu yangu."

Gody akarudi kimo chake cha zamani.

"Madam…"

"Ndiyo?"

"Mzee Silasi… amefariki."

Madam alivua miwani. "Lini, jamani?"

"Jana. Ghafla."

"Ghafla vipi?" Yusto aliuliza.

"Alikuwa anakula samaki. Mwiba."

"Mwiba wa samaki gani?"

"Yusto!" Madam alimkemea. Halafu akakaa kwenye kiti chake polepole. "Maskini Mzee Silasi. Katuachia hadithi yake, akaondoka. Sasa sikilizeni. Mtu aliyetufundisha hatumwachi azikwe kimya kimya. Jumatano tunaenda Bugwema vilevile, lakini tunaenda msibani. Kila mtu alete rambirambi: unga, sukari, sabuni, chochote. Esta, kusanya waimbaji mfanye mazoezi ya nyimbo za faraja."

Mtu akisema amefiwa, watu wa Musoma hawakai wakamdadisi kama polisi. Wanauliza kitu kimoja tu: mazishi lini? Kufika Jumanne mchana, kona ya darasa ilikuwa imejaa. Kulikuwa na unga wa mahindi na wa muhogo, miche ya sabuni, dagaa kwenye mfuko, na kuku mmoja hai aliyefungwa miguu na kuachwa chini ya meza ya mwalimu. Mwalimu mkuu mwenyewe alitoa ruhusa na kuahidi gari. Nje, kwaya ya Esta ilikuwa inaimba kwa uchungu mpaka mama wa kantini akaacha kukaanga maandazi, akajifuta na kanga.

Yusto alikuja amebeba sukari kwa mikono miwili. "Hii mama anaifichaga kwa ajili ya wageni. Nimemwambia ni ya babu yako Silasi, akanipa yote." Akamshika Gody begani. "Pole, ndugu yangu. Sikutakiwa kuuliza habari ya samaki."

Gody alitamani lile dari limwangukie.

Jioni alifika nyumbani akamkuta Bibi amevaa gauni lake la kanisani, anakunja kanga na kuiweka kwenye mkoba. Mama Sara alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, bado ananuka samaki.

"Gody," mama alisema, "nimekutana na mwalimu wako sokoni. Ananipa pole kwa msiba wa mzee wetu wa Bugwema. Mzee wetu yupi huyo?"

"Na mimi nafikiria hilo hilo," Bibi alisema. "Bugwema nina ndugu kibao. Silasi nayemjua ni mmoja, na alikufaga kabla hujazaliwa. Huyu ni Silasi wa nani? Ukoo gani? Niambie, nijue nakaa upande gani wa msiba. Halafu naanzaje kulia kama simjui marehemu?"

Gody alifungua mdomo. Uongo mwingine ulikuwa umeshajipanga ulimini: Silasi alikuwa mgeni, alitoka Guta, hakuwa na ndugu. Ulikuwa uongo mzuri kabisa. Lakini akamwona Bibi anainama kutafuta viatu vyake vya msiba, anapapasa chini ya kitanda kwa goti lile linalomuuma, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

"Bibi, acha viatu," Gody alisema. "Hakuna Silasi. Nilimtunga kwenye mtihani. Halafu Madam akataka kumwona, nikamuua."

Kisha Bibi akakaa kitandani na kucheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Sara, umesikia? Mwanao ameua mtu ambaye hajazaliwa!"

Mama Sara hakucheka. "Watoto wa watu wametoa sukari kwao. Kuna mtu katoa kuku, Gody! Kesho kabla gari halijawashwa, utasimama mbele yao useme ulivyotuambia sisi. Usiponyoosha maneno, nitakuja kuyanyoosha mwenyewe, na nitakuja hivi hivi ninavyonuka."

Baadaye Bibi alimkuta Gody amekaa jikoni kwenye lile jiwe jeusi, kidevu magotini.

"Mtihani wenyewe ulikuwa unauliza nini?" aliuliza.

"Watu walivyohamia vijiji vya ujamaa. Tulitakiwa kumuuliza mtu aliyekuwepo."

Bibi alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi amepanda juu ya bati. "Na mimi nilikuwa wapi? Mwezini?"

"Bibi! Na wewe ulihama?"

"Nilikuwa bibi harusi mpya. Tulikuwa tunakaaga kule rasini, ziwa hapa, mlango hapa. Wakaja kusema kijiji kipya kiko juu, kando ya barabara. Lori likaja. Babu yako akafurahi, akasema tutapata shule, tutapata zahanati. Mimi nililia. Sasa inuka hapo."

Gody akainuka.

"Hilo ulilokalia ndiyo nililolilia. Mama mkwe wangu alinipa mafiga matatu ya jikoni kwake, mawe ya ziwani. Utingo akayatupa chini. 'Dada, mawe yako kila mahali!' Yule alikuwa mtu mjeuri! Basi nikayaacha mawili. Hilo moja nikalifunga kwenye kanga, nikalipakata hivi. Dereva akaniona akasema, 'Huyo mwenye mtoto mchanga akae mbele na mimi.' Sikusema neno. Nikapanda mbele na jiwe langu, babu yako akakaa nyuma na kuku. Njia nzima dereva anaendesha polepole ili mtoto asiamke."

Gody alilitazama lile jiwe, ambalo kwa miaka yote alikuwa analikalia na muhogo wake. Mzee Silasi na ng'ombe wake wote wa radi hawakufika hata nusu ya hapo.

Jumatano asubuhi, darasa lilikuwa limepangwa mstari na mifuko mkononi. Gody alisimama mbele. Alisema yote, kuanzia mpira na tiara mpaka mwiba wa samaki. Hakuweka utani hata mmoja.

Hakuna aliyecheka. Kuku tu ndiye aliyelia.

"Yaani nimeimba mpaka sauti imekauka," Esta alisema, "kwa ajili ya mtu wa kwenye karatasi?"

Yusto aliuvuta mfuko wake wa sukari, akaukumbatia kifuani. Hilo lilimuuma Gody kuliko tusi.

"Insha yako inapata sifuri," Madam Jenipher alisema. "Hata zile sehemu nzuri, maana sasa sijui nizisome vipi. Butiama ataenda Esta."

"Ndiyo, Madam." Gody aliitikia. "Lakini Madam, kuna mtu aliyekuwepo kweli. Ni bibi yangu. Na ana kitu cha kuonyesha. Esta anaweza kuja kumhoji mwenyewe, asinisikilize mimi."

"Na tukifika tutaambiwa amefariki?" Yusto aliuliza.

Hapo ndipo darasa lilipocheka, na Gody akaona afadhali.

Alasiri walijaa uani kwa Bibi Gaudensia. Esta alimhoji kama polisi: Lori lilikuwa la rangi gani? Nani mwingine aliona? Bibi alipochanganya msimu wa mvua na wa kiangazi, Esta alimrudisha, naye Bibi akacheka, akakubali amesahau. Esta akaandika hivyo hivyo: hapa shahidi hakumbuki. Akaenda hata nyumba ya pili kwa Bibi Marieta, aliyehamishwa pamoja na Bibi mwaka huo huo, naye akathibitisha ile safari ya jiwe, ingawa yeye alishikilia kwamba Gaudensia hakulia, alitukana.

Vitu vyao walirudishiwa. Ila Yusto aliitazama sukari yake, akamtazama Gody anavyopuliza moto peke yake machozi yanamtoka, akaimwaga kwenye sufuria ya uji. "Tunywe tu," alisema. "Na Mzee Silasi apumzike."

Siku ya shindano, Esta alikaa kwenye gari na karatasi zake, Madam pembeni yake, Bibi mbele na dereva, kama zamani. Gody alipewa kazi ya kubeba jiwe. Bibi alilifunga kwenye kanga ileile ya msiba, likawa zito kwenye mapaja ya Gody kama mtoto wa tembo. Kabla ya kufika Butiama, askari wa barabarani aliwasimamisha, akachungulia dirishani.

"Kichanga hicho? Mbona mnampitisha kwenye upepo hivi?"

Gari zima likamgeukia Gody. Utani ulikuwa umempigia magoti, unamwomba autumie.

"Ni jiwe, afande," Gody alisema.

"Unanitania mimi?"

"Hapana, afande. Ni jiwe kweli. La historia."

Askari alifunua kanga, akalitazama jiwe, akamtazama Gody, akafunika tena taratibu. "Nendeni," alisema, na wote wakacheka mpaka Butiama.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Msichana mmoja wa Bunda, anaitwa Rhobi, alisoma insha yenye ramani aliyoichora mwenyewe, akapigiwa makofi mpaka Gody akatoka jasho. Kisha Esta akapanda jukwaani, Gody nyuma yake amebeba jiwe. Alisoma gazeti lilivyosema, mzee alivyosema, halafu akaweka mkono juu ya jiwe.

"Mume alifurahi, mke alilia, na walikuwa kwenye lori moja," alisoma. "Kwa hiyo gazeti halikudanganya kila kitu, wala mzee. Lakini mtu anayehama kwa furaha tupu habebi jiwe."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mwamuzi mmoja, mzee mwenye suti ya kaki, aliinua mkono. "Chanzo kizuri. Mlikipataje?"

Esta akamnyooshea Gody kipaza sauti.

Hapo Gody alikuwa juu ya jukwaa la Butiama, kipaza sauti mkononi, kama alivyoota. Akawasimulia Mzee Silasi, ndevu zake, ng'ombe wake na mwiba wake. Watu walicheka mpaka wakashika viti. Alipofika kwenye sukari ya Yusto, wakaacha kucheka. Walimsikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyetilia shaka hata neno.

Kabati la vitabu lilienda Musoma. Rhobi wa Bunda alikuja kumpa Esta mkono, akaomba alipakate jiwe kidogo, apige picha.

Wakati wa kurudi, Madam Jenipher alikaa karibu na Gody. "Unajua kwa nini nilikasirika?" alisema. "Si kwa sababu ya ule msiba wa uongo. Mtu anayesoma ulichoandika hakuwepo pale. Anaazima macho yako aone kwa hayo. Ukimwekea kitu ambacho hakikuwepo, umempofusha, na kesho hata ukimwonyesha kweli hataiona. Wewe una kipaji cha kusimulia, Gody. Tangulia kutafuta kilichotokea, halafu ndiyo usimulie. Na mara nyingi utakuta kilichotokea kinakushinda hata wewe kwa vituko."

"Ndiyo, Madam. Nimeona."

Walipofika nyumbani jua lilikuwa linazama. Gody alifungua kanga, akaliweka jiwe juu ya meza ya sebuleni, akaanza kulifuta masizi kwa kitambaa safi.

"Wewe mtoto unafanya nini?" Bibi alipiga kelele kutoka jikoni.

"Nalisafisha, Bibi. Hiki ni chanzo cha historia!"

"Kirudishe hapa haraka," Bibi alisema. "Sufuria imekaa upande, na historia haijawahi kuchemsha chai."

Gody akalirudisha mahali pake, akapiga goti, akaanza kupuliza.